Uchachu Si Uchafu

Leo tuzungumze juu ya pombe ya nyumbani. Sikuja kuamua kama watu wanywe au wasinywe; jambo hilo lina wenyewe, nao wanalisemea kila wiki makanisani, misikitini na vikaoni. Nazungumzia pombe ambayo tayari imeshapikwa, iko ndani ya pipa, na jioni watu watakuja na pesa zao. Je, hiyo pombe ni salama? Utajuaje kwamba imeingiliwa na kitu kisichotakiwa? Na ukishajua, uifanye nini?

Naliuliza swali hili kwa sababu hapa Juba hakuna mtu mwingine wa kulijibu ila mpikaji mwenyewe. Mwaka 2009 kampuni ya SABMiller ilifungua kiwanda cha bia hapa mjini, ikatoka bia ya White Bull, na watu wakaona fahari kunywa bia yenye jina la nyumbani. Kiwanda cha namna hiyo kina wapimaji wake, kina mitambo ya kusafisha maji, na pipa lisilofaa halitoki nje ya geti. Mwaka 2016 kikafungwa kwa kukosa dola za kununulia malighafi. Wapika pombe wa mitaani hawakufunga. Merisa ya mtama iliendelea, na kwete ya mahindi na ulezi iliendelea, kwa sababu ndizo zinazolipa karo, kodi ya nyumba na dawa ya mtoto. Wapimaji wao ni pua, ulimi na macho, na urithi wa mama zao.

Urithi huo nauheshimu, na nawaomba nanyi mwuheshimu. Wanawake wa Kusini mwa Sudan waliubeba hata Khartoum wakati wa vita. Rais Nimeiri wa Sudan alipotangaza sheria zake za Kiislamu mwezi Septemba 1983, pombe ilimwagwa katika mto Nile mbele ya watu. Miaka iliyofuata, mama zetu wengi waliokimbilia Khartoum walikamatwa kwa kosa la kupika merisa au araki, wakafungwa katika gereza la wanawake la Omdurman, wengine na watoto wachanga mgongoni. Walipotoka walipika tena, maana watoto walikuwa na njaa ileile. Kazi iliyolipiwa bei hiyo inastahili kuzungumzwa kwa kina, pamoja na hatari zake.

Sasa nianze na jambo linalowachanganya vijana wetu waliosoma. Kijana anarudi kutoka Kampala au Nairobi, amesikia namna Wazungu wanavyopika bia majumbani mwao, anamwambia mama yake: pombe ikichacha imeharibika, imwage. Kwa bia ya kawaida ya shayiri ya Ulaya maneno yake ni kweli. Bia ile hutakiwa iwe na hamira peke yake ndani yake, na bakteria wa uchachu wakiingia wanahesabiwa kuwa wavamizi. Pombe yetu haikujengwa hivyo. Merisa na kwete hupikwa na makundi mawili kwa pamoja: bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki, yaani asidi ileile ya maziwa ya mgando, na hamira inayotengeneza kilevi. Uchachu ndio msingi wa nyumba. Ukiuondoa, umeondoa ulinzi.

Msomi mmoja wa Sudan, Hamid Dirar wa Chuo Kikuu cha Khartoum, alichapisha mwaka 1993 kitabu kikubwa juu ya vyakula na vinywaji vya kuchachushwa vya nchi hiyo, wakati huo Sudan ikiwa bado moja. Aliichunguza merisa hatua kwa hatua, na alichokikuta ni ufundi wa hali ya juu. Mtama huloweshwa, ukaoteshwa, ukakaushwa na kusagwa: hicho ndicho kimea. Mtama mwingine usiooteshwa husagwa, ukakandwa na kuachwa uchache sana. Unga huo mchachu hupikwa au hukaangwa mpaka uwe kahawia na kunukia. Ukipoa, huongezwa maji na kimea, na kidogo cha pombe ya awali kama chachu, kisha mchachuko wa pili huanza na kilevi hutokea. Kwete ya ndugu zetu wa Kajo-Keji, Yei na West Nile hufuata njia inayokaribiana na hiyo, kwa unga wa mahindi uliochachishwa na kukaangwa, halafu kimea cha ulezi.

Tazameni hekima iliyomo humo. Kabla kilevi hakijaanza, unga umeshakuwa mchachu. Moto unaua vilivyomo. Kisha chachu iliyo hai na yenye nguvu inatiwa mara moja, inakishika chombo kabla vijidudu vya mitaani havijapata nafasi. Vijidudu vingi vinavyoharisha watu, pamoja na vile vya kipindupindu, haviwezi kuishi muda mrefu kwenye uchachu mkali wenye kilevi. Bakteria wa uchachu ni askari aliyekaa mlangoni, na kwa sehemu kubwa ya safari ya pombe askari huyo anatosha.

Ila askari huyo ana milango miwili asiyoweza kuilinda. Mmoja uko nyuma yake, kwenye nafaka yenyewe, kabla hajafika kazini. Mwingine uko mbele, pombe inapotoka kwenye pipa kwenda kinywani. Nimesikiliza wapikaji wengi wakizungumza juu ya pombe iliyoharibika, na karibu kila mara mazungumzo yanahusu katikati: povu, ladha, harufu, utando wa juu. Katikati ndiko mnakopoteza pesa. Watu hupotea kwenye ile milango miwili.

Tuanze na mlango wa nyuma, na kwa huo nitawapeleka Msumbiji. Mwezi Januari 2015, katika kijiji cha Chitima, mkoa wa Tete, watu walikusanyika msibani. Baada ya maziko walikunywa pombe ya mahindi iliyopikwa kienyeji, ambayo huko pia huitwa pombe. Watu 75 walikufa, miongoni mwao mwanamke aliyeipika, na wengine wengi wakaugua. Iliripotiwa kwamba waliokunywa asubuhi hawakudhurika, waliokunywa mchana ndio waliopatwa, na hapo hapo watu wakaanza kunong'ona: kuna aliyetia sumu wakati wengine wako makaburini. Wakataja nyongo ya mamba, ambayo katika sehemu nyingi za Afrika inaaminiwa kuwa sumu kali. Magazeti ya dunia yakaipokea habari hiyo na kuisambaza.

Haikuwa nyongo ya mamba. Sampuli zilipelekwa maabara za nje, na miezi mingi baadaye jibu likatoka. Katika unga na pombe ile palikuwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, na bakteria huyo alikuwa ametengeneza sumu iitwayo asidi ya bongkreki. Sumu hiyo ilijulikana kwanza kule Java, Indonesia, ambako kwa miaka mingi ilikuwa ikiua watu waliokula chakula cha machicha ya nazi yaliyochachushwa vibaya. Haina harufu. Haina ladha. Ukiichemsha, haiondoki. Huzuia seli za mwili kutumia nguvu zake, na mtu huweza kufa kwa muda mfupi. Bakteria huyo hupenda wanga na mafuta vilivyolowa kwenye joto, mahali ambapo uchachu bado haujaingia.

Kwa hiyo mama yule wa Chitima, hata angekuwa fundi kuliko mafundi wote, pua yake isingemwambia kitu pale kwenye pipa. Pa kujiokoa palikuwa nyuma kabisa, kwenye unga. Unga uliolowa, ukakaa na unyevu, ukabadilika rangi au ukashikana mabonge, haufai kwa ugali, haufai kwa kisra, na haufai kwa pombe. Nasisitiza hili la pombe kwa sababu ninajua desturi yetu. Nafaka nzuri inaliwa. Ile iliyonyeshewa kwenye lori, iliyooza kidogo pembeni ya gunia, iliyouzwa kwa bei ya chini sokoni Konyo Konyo, watu husema: hii itafaa kwa pombe, moto na kilevi vitaisafisha. Wasikilizaji, moto na kilevi havisafishi sumu ile ya Chitima wala sumu ya ukungu. Vinaua viumbe, lakini sumu ambayo viumbe hao wameshaiacha inabaki.

Sumu kuu ya ukungu tunayoijua Afrika Mashariki ni aflatoksini. Ukungu wake huota kwenye mahindi, mtama na karanga ambazo hazikukauka vizuri, na mara nyingi una rangi ya kijani inayoelekea njano. Kenya iliionja mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani: wagonjwa 317 waliandikishwa, na 125 kati yao wakafariki kwa ini kuharibika, kwa mahindi ya nyumbani kwao yaliyohifadhiwa na unyevu. Mwezi Machi 2021 Kenya ikazuia kwa muda mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo. Katikati ya mwaka 2023 ikawa zamu yetu: malori ya nafaka na unga kutoka Uganda yalizuiwa na mamlaka zetu za viwango mpakani upande wa Nimule kwa sababu hiyo hiyo. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi yetu iliingia mwaka 2016, ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo moja ya mahindi. Kiasi hicho huwezi kukiona kwa macho. Unachoweza kukiona ni ukungu, na harufu ya uvundo gunia linapofunguliwa. Hiyo tayari ni taarifa ya kutosha kulifunga tena.

Na kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii: kimea chenyewe. Kuotesha mtama maana yake ni kuuweka wenye maji, kwenye joto la Juba, chini ya magunia, kwa siku kadhaa. Ukungu hauhitaji mwaliko bora kuliko huo. Wakati wa mvua, kuanzia Aprili mpaka Oktoba au zaidi, kimea hakikauki kwa siku moja, na watu hukirudisha ndani usiku kikiwa kibichi. Hapo ndipo kinapoharibika. Tandazeni kimea kiwe chembamba, juu ya turubai au mkeka ulioinuliwa, si juu ya udongo. Kigeuzeni mara kwa mara. Magunia ya kufunikia yafuliwe kwa maji ya moto na yaanikwe juani kila baada ya mkupuo mmoja, kwa sababu ukungu wa kimea cha jana hulala ndani ya nyuzi ukisubiri cha kesho. Punje zilizofunikwa na manyoya meusi au ya kijani zisichaguliwe moja moja. Zikiwa nyingi, rundo lote limekwisha.

Halafu machipukizi. Mtama unapoota, vichipukizi na vimizizi vyake huwa na kitu ambacho kikisagwa na kulowana hutoa sumu ya sianidi. Bibi zetu walikuwa wakikifikicha kimea kikishakauka na kukipepeta, vile vikamba vikapeperuka. Wasichana wa leo naona wanasaga vyote kwa haraka mashineni. Rudini kwenye kufikicha. Kazi ya ungo ni rahisi na haina gharama.

Tuje sasa katikati, kwenye pipa, ambako mpishi ana uwezo wa kutambua mengi kwa hisia zake. Hapa sitakaa muda mrefu kama nilivyokaa kwenye nafaka, ingawa najua ndiko mnakonisubiri.

Harufu ya siki inayochoma pua, pombe ikawa kali kooni: hapo wameingia bakteria wa siki. Hawa hawafanyi kazi bila hewa. Wanaletwa na vijiinzi vidogo vya matunda, wale wanaozunguka ndizi mbivu, na hustawi pipa likiwa nusu tupu na mfuniko wazi. Siki haiui mtu. Ila pombe ikishageuka hairudi, na kuongeza sukari au unga mpya ndani yake ni kuongeza hasara. Kinga yake ni kufunika kwa kitambaa kilichofumwa kwa karibu wakati povu linapanda, na likishatulia kuhamishia kwenye chombo kidogo kinachojaa mpaka juu. Kwa joto la hapa, linalogusa nyuzi 40 mwezi Februari na Machi, merisa iliyochujwa ni kinywaji cha siku hiyohiyo, ikizidi sana kesho yake. Mpike kiasi kitakachouzika.

Pombe ikivutika kama ute kijiko kikinyanyuliwa, pengine na harufu ya siagi iliyokaa, ni aina nyingine ya bakteria wa uchachu wanaotengeneza utelezi. Nao si wauaji, lakini ndio wanaong'ang'ania kuliko wote. Ukichukua machicha ya pombe hiyo kuwa chachu ya mkupuo unaofuata, umewapa urithi. Ukiuona ute, kata ukoo hapo hapo: omba chachu kwa jirani ambaye pombe yake wiki hii imetoka nzuri, na ya kwako usiitumie tena. Desturi ya kupeana chachu ipo tangu zamani, na sijaona sababu ya kuionea haya.

Harufu ya kabichi iliyochemshwa, au ya maji ya mtaro, ikitokea siku ya kwanza, inasema kitu kingine. Hapo uji ulikaa muda mrefu ukiwa vuguvugu kabla chachu haijashika, na bakteria wa matumbo wakapata saa zao za kutamba. Hii sipendi kuiona ikiokolewa. Wengine watakwambia subiri, uchachu utawamaliza, na mara nyingi ni kweli watakufa. Lakini uji uliochelewa kuchacha ni uji uliokosa ulinzi kwa muda usiojulikana, na anayekunywa ni mtoto wa mwenzio. Mwageni. Safari nyingine upoozeni haraka, kwa kuugawa katika masufuria mapana, na chachu muitie ikiwa inatoa povu, si ile iliyolala siku nne kwenye kibuyu.

Utando juu ya pombe una namna mbili, na hapa tofauti ni kubwa. Utando mweupe, mkavu, wenye mikunjo, ni hamira ya porini iliyopata hewa. Utaipunguzia pombe ladha, ila ukienguliwa, pombe iliyobaki chini haina sumu. Lakini ukiona manyoya, na ukiona rangi, kijani, nyeusi, pinki, hiyo haienguliwi. Mizizi ya ukungu imeshashuka chini kuliko macho yanavyofika.

Baada ya hapo mtazame chombo. Plastiki iliyochakaa kwa mikwaruzo haisafishiki, hata ukiisugua kwa mchanga mpaka jioni; vijidudu vinakaa ndani ya mikwaruzo. Dumu lililowahi kubeba dizeli, rangi au dawa ya wadudu lisitumike kamwe, hata kama limeoshwa na halinuki, kwa sababu plastiki hunywa kilichokuwamo na uchachu hukitoa taratibu. Mapipa ya bati lililopakwa zinki nayo yana hatari: asidi huila zinki, na mnywaji hutapika. Kusini mwa Afrika, ambako pombe ya mtama ilipikwa kwa vizazi katika vyombo vya chuma, madaktari waliona wanywaji wengi wenye chuma kupita kiasi ndani ya ini. Mtungi wa udongo, sufuria ya alumini isiyokwaruzwa kwa kupikia, na plastiki nyeupe ya vyakula kwa kuchachushia vinatosha. Kibuyu na mti visitiwe klorini, havitaiachia ile harufu. Vimiminieni maji yanayochemka na kuviacha kwenye jua kali. Plastiki ioshwe kwa sabuni kwanza, ndipo klorini, ndipo isuuzwe kwa maji yaliyochemshwa. Klorini juu ya uchafu haifanyi kazi, na klorini ikibaki ndani itaiua hamira yenu.

Sasa mlango wa mwisho. Pombe imetoka nzuri, chachu, yenye nguvu. Mama anachuja, anakamua machicha kwa mikono. Imekuwa nzito, au wateja ni wengi, anaongeza maji. Maji yapi? Sehemu kubwa ya Juba hununua maji ya malori yaliyovutwa kutoka mto Nile, au ya madumu kwenye baiskeli, na si yote yaliyotiwa dawa inavyopaswa. Maji hayo yakiingia kwenye pombe iliyomalizika, mambo mawili hutokea kwa pamoja: vijidudu vipya vinaingia, na uchachu pamoja na kilevi vinapungua. Askari mmemdhoofisha na mlango mmeufungua saa ileile. Kisha pombe inauzwa papo hapo, kabla hajapata muda wa kujirudi. Mji huu umepigwa na kipindupindu mwaka 2014, tena 2015, tena 2016 na 2017, na mlipuko ulioanzia Renk mwaka 2024 ulitufikia hapa pia. Kila mara tunaambiwa tuchemshe maji ya kunywa, nasi tunayachemsha. Ya kuongezea pombe, je?

Yachemsheni hayo pia, yaachwe yapoe yakiwa yamefunikwa, yawe tayari kabla ya kuchuja. Mikono ioshwe kwa sabuni mpaka viwiko, kwa sababu kukamua machicha hakumalizwi kwa vidole. Na ile ndoo moja ya kusuuzia vikombe, ambayo asubuhi ilikuwa na maji safi na jioni ina maji ya vinywa vya mtaa mzima, naomba iondoke. Ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya maji yenye klorini yanayobadilishwa mara kwa mara, ni gharama ndogo mno. Kama wateja wanakunywa kwa mrija mmoja kutoka mtungi mmoja, wakati wa mlipuko acheni kwanza, kila mtu apate kikombe chake.

Nina neno kwa wenye mamlaka pia, na nalisema kwa heshima. Mnapofanya msako, mnamwaga pombe na kuvunja mitungi. Sijasikia msako unaouliza gunia lilitoka wapi. Mama aliyemwagiwa leo atapika tena kesho, kwa siri, usiku, kwenye chombo chochote atakachopata, na kwa nafaka ya bei ya chini kuliko zote, maana mtaji wake umemwagika. Ofisa wa afya anayepita mchana akiwa na vidonge vya klorini, akaangalia mtama na ndoo ya vikombe, angeokoa watu wengi kuliko rungu. Pimeni nafaka inayovuka Nimule kwa ajili ya pombe kama mnavyoipima ya ugali. Mpikaji naye asiogope kumwita ofisa huyo.

Kabla sijaenda mwisho, niondoe mchanganyiko mmoja. Watu wakisikia pombe imeua, hudhani ni kosa la mchachuko. Wale waliopofuka na kufa Kenya mwezi Mei 2014, makumi ya watu katika kaunti kadhaa, walikunywa vinywaji vikali vilivyotiwa methanoli, spiriti ya viwandani, na wafanyabiashara waliotaka faida ya haraka. Mtama na mahindi vikichacha havitoi methanoli ya kiasi cha kupofusha mtu. Mtu akikuuzia kitu cha kuongeza ukali kwenye pombe yako, unga au majimaji ya kopo lisilo na jina, usikipokee.

Na mtu akiugua baada ya kunywa, yaangalieni haya. Kuharisha maji mengi meupe ndani ya saa chache mpaka siku chache ni dalili ya kipindupindu: mpeni maji ya chumvi na sukari, yale ya ORS, tangu nyumbani, na mkimbilie kituo cha afya, njia nzima mkiendelea kumnywesha. Kuona ukungu machoni, kichwa kuuma sana na pumzi kwenda haraka, hata baada ya nusu siku au siku nzima, ni dalili ya methanoli. Tumbo kuuma, macho kuwa ya njano, kulegea, hasa wakiwa watu wengi waliokula au kunywa kutoka gunia moja, ni ini. Msimlaze mgonjwa mkisema amelewa, atazinduka.

Mnapompeleka, bebeni na pombe aliyokunywa. Jazeni chupa ndogo safi, ifungeni vizuri, na kwenye mfuko mwingine muweke konzi mbili za unga au kimea kilichotumika. Iliyobaki kwenye pipa isimwagwe kwa hofu na isiuzwe. Fungeni pipa, mwekeni mtu mzima alilinde. Kule Chitima, bila sampuli zile, mpaka leo watu wangekuwa wanamtafuta jirani aliyetia nyongo ya mamba. Mkifika hospitali, mwambieni daktari bila kuficha ilikuwa merisa, kwete au araki, ilipikwa siku gani, na wangapi wengine wamekunywa, kisha mtumeni mtu akawatafute hao kabla jua halijazama.